Sproketi ya Chuma au ya Alumini?
Maneno machache kwa wenzetu wa pikipiki na baiskeli za mizigo wa Buhinyuza na kwingineko



Liko swali ambalo wenzetu wanaojipatia riziki kwa pikipiki na baiskeli wamekuwa wakituuliza mara kwa mara, na katika toleo hili tumeona vema tulijibu kwa kirefu. Swali lenyewe ni hili: sproketi ya nyuma ikiisha meno, ninunue ya chuma kama ile ya zamani, au nichukue hii mpya ya alumini, nyepesi, yenye rangi ya dhahabu au nyekundu, ambayo mwenye duka anasema ndiyo watumiayo watu wa mashindano?

Mtu asiyejua kazi hii ataona ni jambo dogo. Lakini chukua mfano wa Buhinyuza, tarafa ya vilima iliyokuwa katika mkoa wa Muyinga kabla Burundi haijapunguza mikoa yake kuwa mitano mwaka 2025. Huko kahawa huvunwa juu ya vilima na hupelekwa kwenye vituo vya kumenyea na kuoshea siku ile ile ilipochumwa. Ikilala ndani ya gunia, hupata moto, huanza kuchacha, na hushushwa daraja. Basi mwenye baiskeli aliyebeba magunia mawili, cheni ikamrukaruka au ikamkatikia katikati ya mlima, hapotezi muda tu. Hupoteza ujira wa safari, na mkulima aliyemwamini hupoteza bei ya kazi ya mwaka. Kadhalika dereva wa teksi-moto anayepeleka mgonjwa Muyinga mjini, au anayerudi kutoka mpakani Kobero na bidhaa zilizotoka Ngara na Kahama. Cheni ikitoka kwenye meno ikajikunja kati ya gurudumu na fremu, gurudumu la nyuma hukwama ghafla, na watu wawili huanguka barabarani. Kwa hiyo swali la wenzetu ni swali la mkate na la usalama, na lastahili jibu lililo wazi.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Sproketi ni lile gurudumu la meno linaloshikwa na cheni. Wengine huliita gia ya nyuma, na waliojifunza ufundi kwa Kifaransa huliita pinyo. Pikipiki inazo mbili: ndogo iliyo kwenye injini na kubwa iliyo kwenye gurudumu la nyuma. Baiskeli nayo inazo mbili, ila mpangilio umegeuka. Kubwa iko kwenye pedali na ndogo iko nyuma.

Alumini imetoka wapi?

Mwenye duka hakusema uongo. Ni kweli kwamba watu wa mashindano hutumia alumini. Viko vigari vidogo vya mashindano viitwavyo karti, visivyo na bodi wala springi, ambavyo huendeshwa kwenye njia ya lami iliyozungushwa. Hivyo hutumia cheni nyembamba sana, ambayo hatua yake, yaani nafasi kutoka pini moja hadi pini ya pili, haifiki hata milimeta 8. Sproketi yake ya nyuma huwa na meno mengi, sabini au themanini na zaidi, na aghalabu ni ya alumini. Watu wa pikipiki za kuruka matuta, kama wale wanaoshindana kule Garuga karibu na Entebbe, nao huipenda alumini.

Sababu zao ni mbili. Ya kwanza ni uzito. Chuma chenye ukubwa wa sentimeta moja kila upande kina uzito wa karibu gramu 7.85, na alumini ya ukubwa huo huo ni gramu 2.7 tu, yaani kama theluthi moja. Katika mbio ambapo mshindi humtangulia wa pili kwa sehemu ndogo ya sekunde, kila gramu inayozunguka huhesabiwa. Ya pili ni kwamba mtu wa karti hubadilisha sproketi karibu kila anapokwenda kwenye njia nyingine, kwa kuwa njia yenye kona nyingi hutaka meno mengi na njia iliyonyooka hutaka meno machache. Hivyo hubeba sproketi nyingi ndani ya sanduku, na hahitaji hata moja imtumikie mwaka mzima. Mashindano yenyewe huisha kwa dakika chache. Akimaliza, huosha, hupima, na akiona jino limechoka hutupa.

Sasa angalieni jambo moja ambalo mwenye duka hakulitaja. Hata kwenye karti hiyo hiyo, sproketi ndogo ya injini kwa kawaida ni ya chuma. Kwa nini? Kwa sababu ina meno kumi au kumi na mbili tu, nayo yanafanya kazi ile ile inayofanywa na meno themanini ya nyuma. Kila jino la mbele hukutana na cheni mara nyingi zaidi, na hubeba mzigo mkubwa zaidi. Watu wa mashindano, pamoja na mapenzi yao yote kwa wepesi, wanapofika mahali penye kazi nzito huiacha alumini na kurudi kwenye chuma. Hapo ndipo sisi tunapoanzia.

Ulaini na nguvu si kitu kimoja

Watu wengi hudhani kwamba alumini ni ile ya sufuria, ya kukunjwa kwa mkono. Si haki kusema hivyo. Alumini ya sproketi nzuri imechanganywa na zinki na shaba, ikatiwa moto ikakomazwa, na ukiivuta kwa mashine ili ikatike unaweza kuikuta ina nguvu kuliko chuma cha kawaida cha kutengenezea milango. Kwa hiyo tatizo lake si kuvunjika. Tatizo ni kusagika.

Pini na roli za cheni ni chuma kilichokomazwa. Kikisuguana na jino la chuma lililokomazwa, vyote viwili huisha polepole kwa kadiri moja. Kikisuguana na jino la alumini, jino ndilo linaloliwa. Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo maana huipaka alumini ngozi ngumu kwa umeme. Hiyo ndiyo ile rangi ya dhahabu, buluu au nyekundu. Ngozi hiyo ni ngumu kweli, lakini ni nyembamba kuliko unywele. Ikishapenya, utaona kwenye mabega ya meno rangi nyeupe ya fedha iking'aa. Tangu siku hiyo kazi inafanyika juu ya nyama laini, na mwisho hauko mbali.

Sasa ongezeni vumbi. Barabara nyingi za vijiji vya Muyinga ni za udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi lake hukaa kila mahali, na ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma chenyewe, sembuse alumini. Vumbi likichanganyika na oili kwenye cheni huwa kama dawa ya kusagia valvu, ile ambayo mafundi wa injini huitumia kwa makusudi ili kula chuma. Mtu wa karti hukimbia kwenye lami iliyofagiwa. Mwenzetu wa Buhinyuza hukimbia ndani ya dawa ya kusagia kutwa nzima, siku sita au saba kwa juma. Chombo kilichokusudiwa kazi ya yule hakiwezi kuwa chombo cha huyu.

Na ule wepesi unaosifiwa, unatusaidia nini? Tufanye hesabu. Sproketi ya nyuma ya chuma ya pikipiki ya 100 au 125, mathalan Boxer au TVS, kwa kawaida haifiki kilo moja. Tukiibadilisha kwa alumini tuseme tumepunguza nusu kilo. Pikipiki yenyewe, dereva wake, abiria mmoja na mzigo wake hufika kilo 250 bila shida. Tumepunguza sehemu moja katika mia tano. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, yaani tangi likipungua lita moja tu umeshapata wepesi kuliko uliouzungusha kwa fedha yako. Na petroli yenyewe wenzetu wa Burundi hawana haja ya kufundishwa jinsi inavyopungua, kwa namna ilivyokuwa adimu tangu mwaka 2021.

Mambo ya chuma yasiyosemwa dukani

Chuma kina wema mwingine ambao kwetu vijijini una thamani kubwa: kinatengenezeka. Jino la sproketi ya chuma likivunjika, fundi wa kuchomelea wa sokoni, mwenye mashine ya kawaida ya fimbo, anaweza kulijaza na kulichonga kwa tupa mpaka mtu afike kwake. Hatusemi hiyo ni kazi ya kudumu. Sehemu iliyochomelewa huwa imepoteza ukomavu wake, nayo huisha upesi. Lakini mtu amefika. Alumini haikubali fimbo hiyo. Yataka mashine ya gesi ya arigoni, na kuipata mashine hiyo ni kufunga safari ya mji mkubwa.

Tena alumini na bolti za chuma, zikilowana na mvua, hulana. Tundu la bolti hupanuka likawa kama yai, sproketi ikaanza kucheza, na siku moja bolti hukatika. Aliyefunga alumini hana budi kukaza bolti zake kila juma. Ya chuma nayo hukazwa, ila husamehe zaidi.

Kutu? Ni kweli, chuma hushika kutu na alumini haishiki kama chuma. Lakini kutu ya sproketi inayofanya kazi kila siku hukaa pembeni tu; kwenye meno cheni huifuta yenyewe.

Ila si kila chuma ni chuma. Ziko sproketi za bei ya chini zilizokatwa kutoka kwenye bati nene laini, zikapakwa rangi nyeusi ili zifanane na zile nzuri. Hizi hazina ubora wowote juu ya alumini, pengine ni mbaya kuliko hiyo. Unazijuaje? Nenda dukani na kipande cha tupa. Omba ruhusa, kisha sugua kidogo ncha ya jino moja. Tupa likiteleza kama juu ya kioo, meno yamekomazwa. Likiuma na kutoa unga, rudisha. Mwenye duka akikataa usiguse, hilo nalo ni jibu. Sumaku nayo yasaidia: haishiki alumini, kwa hiyo hutauziwa alumini iliyopakwa rangi kwa jina la chuma, wala kinyume chake.

Zipo pia sproketi za mchanganyiko, kati ni alumini na ukingo wa meno ni chuma, vikaunganishwa kwa ribiti. Ni kitu kizuri, lakini bei yake ni ya watu wa mashindano.

Hesabu ya mfukoni

Wenzetu wengi hutazama bei ya dukani peke yake. Sisi tunapendekeza kugawa bei kwa miezi ya kazi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba sproketi ya alumini inauzwa mara mbili ya bei ya chuma, na kwamba katika vumbi inakaa theluthi ya muda. Basi kila mwezi unaifanyia kazi kwa gharama mara sita. Kila mmoja na aandike kwenye daftari siku aliyofunga na siku aliyofungua, aone mwenyewe. Daftari la namna hiyo lina faida nyingine tutakayoifikia.

Lakini hata sproketi bora kuliko zote itakufa mapema ikifungwa na cheni iliyochoka. Jambo hili ndilo tunaloona likiwala watu fedha kuliko hata hilo la alumini. Cheni haivutiki kama mpira, ingawa tunasema imevutika. Pini zake na mabomba yake husagika, kila kiungo kikaongezeka kidogo, mpaka hatua ya cheni haikubaliani tena na hatua ya meno. Hapo cheni hupanda juu ya meno na kuyachonga yawe kama kulabu. Ukifunga cheni mpya juu ya meno ya kulabu, cheni mpya nayo huharibika kwa majuma machache.

Kupima ni rahisi, nacho ni kipimo kimoja kwa baiskeli na kwa pikipiki nyingi za 100 na 125, kwa sababu cheni zote hizo, zile za namba 420 na 428 pamoja na za baiskeli, zina hatua ile ile ya milimeta 12.7. Zinatofautiana upana na unene wa roli. Kwa pikipiki, nyosha cheni, hesabu hatua 20, pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni mpya itakupa milimeta 254. Ikifika 259, iondoe. Kwa baiskeli hesabu hatua 24. Mpya itakuwa chini kidogo ya 305. Ikifika 306 na nusu badilisha cheni, na meno yatapona. Ukingoja mpaka 308, utanunua cheni na sproketi pamoja.

Sproketi ndogo ya injini ndiyo inayotangulia kufa. Kama mbele kuna meno 14 na nyuma 42, ya mbele huzunguka mara tatu ya nyuma inapozunguka mara moja. Kwa hiyo kuibadilisha ya nyuma na kuiacha ya mbele ni kazi ya nusu. Tukibadilisha, tubadilishe zote tatu.

Wako wenzetu wa milimani wanaopunguza jino moja mbele, kutoka 14 hadi 13, ili pikipiki ipande vizuri. Ni sawa na kuongeza meno matatu hivi nyuma, nayo ni njia ya bei nafuu. Lakini wajue kwamba injini itazunguka zaidi kwenye tambarare na kula petroli zaidi, na kwamba cheni inayokunjwa kwenye sproketi ndogo huchoka mapema. Kama pesa ipo, ni afadhali kuongeza meno ya nyuma.

Kuhusu kupaka oili: wengi hutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Oili hiyo imejaa unga wa chuma, na kwa miaka mingi imejulikana kwamba inadhuru ngozi ya mikono, hata inaweza kuleta saratani. Oili safi kidogo, ikaingia kwenye viungo, kisha ya nje ikafutwa kwa kitambaa, yatosha. Cheni inayong'aa kwa oili nje ni cheni inayokusanya vumbi.

Kwa wenye baiskeli za mizigo jibu letu ni fupi zaidi. Zile baiskeli nzito za kizamani, zenye krenki ya chuma na pini ya kugongwa kwa nyundo, zimefaa kubeba ndizi, makaa na kahawa kwa miongo mingi, na hatuoni sababu ya kuziacha. Baiskeli za mitumba kutoka Ulaya aghalabu zina krenki ya alumini yenye tundu la mraba. Ikilegea mara moja ukaendelea kukanyaga huku umebeba kilo mia, tundu hupanuka na krenki nzima hutupwa. Anayeendesha peke yake kwenda kazini ataifurahia. Anayebeba mizigo ataijutia.

Nani alipe?

Hapa ndipo daftari linapofaa. Madereva wengi wa teksi-moto si wenye pikipiki. Hulipa hesabu kwa mwenye chombo kila jioni, na kinachobaki ndicho chao. Vipuri vikiisha, mara nyingi dereva huambiwa ni juu yake, maana ndiye aliyevitumia. Sisi tunaona hiyo si haki. Sproketi na cheni huisha kwa kazi, si kwa uzembe, na kazi hiyo ndiyo inayomletea mwenye pikipiki hesabu yake. Tena dereva akilazimika kulipa mwenyewe, atanunua ile ya bei ya chini kabisa au atangoja mpaka cheni ikatike, na abiria ndiye atakayeumia. Makubaliano na yaandikwe mwanzoni, hata kwenye karatasi ya daftari la shule: nani hununua cheni na sproketi, za aina gani, na kwa kipimo gani zinahesabiwa kuwa zimeisha. Ukiwa na milimeta 259 imeandikwa na wote wawili mmetia sahihi, hakuna haja ya kubishana.

Na ninyi mlio viwandani msidhani makala haya hayawahusu. Mashine za kumenya kahawa, za kusaga, za kusafirisha majani ya chai, nyingi huendeshwa kwa cheni na sproketi zilezile. Huko hakuna wa kuwashauri alumini, lakini kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni kifuniko. Mkataba namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unahusu kukinga sehemu za mashine zinazozunguka, na mahali cheni inapoingia kwenye sproketi ni miongoni mwa mahali panapokata vidole kuliko pote. Kifuniko kikitolewa kwa ajili ya kutia oili, kirudishwe kabla swichi haijaguswa. Kikipotea, mwambieni mwakilishi wenu siku hiyo hiyo, naye amwandikie msimamizi, abaki na nakala.

Anayekwenda dukani kununua, asiende mikono mitupu. Achukue sproketi ya zamani, kwa maana jina la pikipiki peke yake halitoshi. Pikipiki za jina moja huweza kutofautiana idadi ya bolti na upana wa tundu la katikati. Ahesabu meno kabla ya kuondoka nyumbani, aandike namba ya cheni iliyogongwa pembeni ya viungo, atie mfukoni sumaku na kipande cha tupa. Kisha aweke ile mpya juu ya ile ya zamani, atazame kama matundu yanalingana, ndipo atoe fedha.